Do Aliyotupa Tulizo

Mwalimu kijana aliyelipokea darasa langu la muziki pale Iyunga alinipigia simu wiki chache zilizopita. Jina lake Baraka. Baada ya salamu, na baada ya kuyaulizia magoti yangu moja baada ya jingine, akafika kwenye shida yake.

"Madam, wale watoto wasioweza kuimba, wewe ulikuwa unawafanyaje? Mashindano ya kata yamekaribia. Mwenzangu mmoja kanishauri niwasimamishe nyuma, wawe wanachezesha midomo tu, sauti isitoke."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia ngoja kwanza nimuulize Madam."

Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Akacheka, akasema alitaka jibu la dakika moja. Anivumilie. Nimestaafu, sina kengele inayonikimbiza tena. Jibu la dakika moja ninalo, nalo ni hili: usiwanyamazishe. Lakini ataniuliza, sasa nifanye nini? Hapo ndipo urefu unapoanzia. Nawaandikia pia wengine mliopewa kipindi cha muziki kwa sababu tu mlionekana mkiimba kanisani, maana najua wengi wetu tulipatikana hivyo.

Habari za vyeo naziacha. Mungu alinipa darasa, na darasa lilinitosha.

Nilianza kazi kwenye shule moja ya msingi kule Mufindi, juu kidogo ya Nyololo. Siku niliyoripoti ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliisikia shule kabla ya kuiona. Watoto walikuwa kwenye mchakamchaka, wanazunguka uwanja wakiimba, na mimi nimesimama na sanduku langu la bati nikifuata sauti zao kama mtu anayefuata taa. Mwalimu mkuu aliposoma kwenye barua yangu kwamba nimesomea muziki, alifurahi sana, akanikabidhi kengele. Ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. "Maadamu wewe ni mtu wa muziki," alisema, "hutaipiga ovyo." Niliigonga rimu ile miaka mingi. Sikuipiga ovyo.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Ngailo, mzee wa Kibena aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Yeye alikuwa Mkatoliki, mimi Mlutheri, na kila Jumatatu tuliulizana nani jana aliimba vizuri zaidi. Kipindi changu cha kwanza nilichukua ngoma ya shule, nikaipiga kwa nguvu zote mbele ya darasa. Ikatoa mlio kama buti linalochomoka kwenye tope. Watoto wakaangua kicheko. Mzee Ngailo, aliyekuwa amekaa nyuma, akasema taratibu, "Mwanangu, hiyo ngoma bado ina usingizi. Ipeleke jikoni kwanza."

Ukungu wa Mufindi hulegeza ngozi. Ngoma huota moto ndipo ikafanya kazi, na isisogezwe karibu mno na moto isije ikapasuka. Tuliweka zamu ya kuotesha ngoma kama zamu ya kufagia, na hiyo ndiyo zamu pekee ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuikwepa, kwa sababu alikuwa anaota na yeye.

Lakini kitu kikubwa nilichokipata kwa mzee yule kilikuwa namna yake ya kumshika mtoto aliyepotea sauti. Alikuwa anaongoza kwa kipande cha mwanzi. Akisikia mtoto yuko nje ya wimbo, aliuweka mwanzi chini, akamwendea, akainama mpaka sikio lake likawa sawa na mdomo wa mtoto. "Imba," alimwambia. Mtoto alitoa alichonacho. Mzee naye akaimba hicho hicho, mahali pale pale, hata kama kilikuwa kibaya kama bawaba za mlango wa ghala. Mtoto alishtuka kusikia sauti yake ikitoka kinywani mwa mzee. Walikaa hapo kidogo, wawili, kisha mzee akapanda hatua moja, na mtoto, mara nyingi bila kujua, akapanda naye.

Nilimuuliza kwa nini asimpigie tu sauti sahihi kwenye filimbi ili mtoto aifuate.

"Sahihi kwa nani?" akanijibu. "Yeye anajua yuko sahihi. Mpaka mkutane kwanza ndipo atakuamini kwamba kuna mahali pengine pa kwenda."

Nilikuwa kijana, nilidhani ni upole tu wa uzee. Niliutumia mara moja moja, nilipokuwa na muda. Nilikuja kuuelewa vizuri nikiwa na mvi.

Miaka iliyofuata nilifundisha shule mbalimbali za mkoa wa Iringa, na nawashukuru watoto wote walioniimbia. Nitasema machache yatakayowafaa. Chati ya sol-fa, ile ya do re mi, iandikeni kwenye kitambaa cha gunia la unga lililofuliwa, msiandike kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haimalizi masika moja. Vizibo vya soda vikitobolewa na kupangwa kwenye waya ni manyanga mazuri kuliko ya dukani. Kinanda kifunikeni, panya wanapenda ngozi ya mfuko wake wa hewa; nilikuwa na kinanda kimoja ambacho mwishoni kilikuwa kinapumua tu, kama mgonjwa. Na wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi utungeni ukiwa na nafasi ya jina refu na jina fupi. Mgeni rasmi hubadilika asubuhi ile ile, na mimi nimewahi kusikia kwaya nzima ikimeza jina la mgeni mbele yake kwa sababu halikuingia kwenye wimbo. Alipiga makofi hata hivyo. Mungu ambariki.

Nikahamia Mbeya, pale Iyunga. Darasa langu la muziki lilikuwa stoo ya zamani upande wa barabara kuu. Malori yalikuwa yanapita yakielekea mpakani, na tulijifunza kusimama katikati ya wimbo, kusubiri lori lipite, na kuendelea pale pale tulipoachia. Wageni walidhani ni mtindo.

Hapo ndipo alipokuja Tulizo. Aliingia darasa la tatu mwezi wa kwanza, akitokea Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga. Bibi yake aliyemlea alikuwa amefariki, na mama yake mdogo, fundi cherehani wa hapo Iyunga, akamchukua ili asome mjini. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko wenzake, na alisimama wima sana, macho mbali, kama mtu anayetazama kitu nyuma ya ukuta.

Kipindi chake cha kwanza niliwapa sauti kwenye kinanda kidogo cha betri, kama kawaida. Nikabonyeza do, darasa likaichukua. Na katikati ya sauti zile laini ikatoka moja nzito, kubwa, chini kabisa, haipandi wala haishuki. Wenzake wakaacha kuimba, wakageuka. Kisha Lusajo, mtoto mchangamfu ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akasema, "Jamani, lori limeingia darasani!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikawakemea, wakaacha. Tulizo hakulia. Alifunga mdomo, na hakuufungua tena. Si kwenye muziki tu. Hata kwenye kusoma kwa sauti na kwenye hesabu. Mwalimu wa darasa lake aliniambia, "Madam, yule mtoto wako wa Ubaruku amekuwa bubu."

Mimi nilidhani anaumwa koo. Sauti ile ilikuwa na mikwaruzo, na nilijua Januari ya Mbeya, mvua na baridi. Nilimchemshia tangawizi ofisini, nikampeleka zahanati mwenyewe. Muuguzi akamchungulia kwa tochi, akasema, "Mwalimu, koo zima. Huyu mtoto labda anapiga kelele sana nyumbani?" Nikacheka moyoni, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa hajatoa neno toka tulipotoka shuleni.

Kwaresima ilipofika katikati, mama yake mdogo akaja. Tuliketi kwenye benchi nje ya stoo.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kukuaga kwa niaba ya Tulizo."

"Marahaba. Kuniaga anakwenda wapi?"

"Babu yake ametuma ujumbe. Baada ya Pasaka ndege kwelea wanashuka kwenye mpunga, na yeye yuko peke yake, macho hayaoni vizuri. Anasema kama mtoto shuleni hasemi kitu, ni afadhali arudi akaamie ndege."

"Kwa msimu mmoja?"

Mama mdogo akaangalia mikono yake. "Ndivyo wanavyosema. Kaka yake naye alienda kwa msimu mmoja. Mpaka leo hajarudi shule, anasukuma jembe kwenye mashamba ya watu. Mimi nilitaka huyu asome, Mwalimu. Lakini nitamwambia nini mzee? Kwamba anasoma nini, na haongei?"

Nikamuuliza kama Tulizo amewahi kuamia ndege kabla. Akashangaa. "Toka hajafikisha umri wa shule! Huyo ndiye alikuwa analinda shamba la bibi. Sauti yake unaisikia mpaka mferejini."

Mchana ule, wenzake walipokwenda kula makande, nilimchukua Tulizo nyuma ya shule, kwenye uwanja unaoshuka bondeni. Nikamwambia, "Mwanangu, nataka unionyeshe kazi. Hapa kuna mpunga, na ndege wanakuja kule. Unafanyaje?"

Aliniangalia kuona kama namtania. Kisha akapanua miguu, akajaza kifua, akaita.

Wapenzi wangu, nimeshasikia kwaya nyingi. Ile haikuwa kelele. Ilitoka kama kamba iliyovutwa, moja kwa moja, ikavuka uwanja na kufika ng'ambo, na pale mwisho haikulegea. Mbwa wa jirani akasimama. Nikamwambia arudie. Akarudia, pale pale. Nikaishika ile sauti kinywani, nikaenda nayo haraka darasani huku nikiivumisha nisije nikaipoteza, nikaitafuta kwenye kinanda. Nikarudi, nikamwomba mara ya tatu. Ilikuwa ile ile. Mtoto niliyedhani hasikii sauti alikuwa na sikio lisiloyumba hata unywele mmoja. Ila do yake ilikuwa chini sana ya do yangu, na kuanzia mwezi wa kwanza hakuna mtu aliyemfuata huko.

"Kwa nini huibadilishi?" nilimuuliza. "Huchoki na sauti moja?"

Hapo ndipo aliposema nami sentensi nzima kwa mara ya kwanza. "Nikiibadilisha, Semeni wa shamba la pili hatajua kama ni mimi. Kila mtu ana yake. Usipomsikia mtu, unajua amepata shida, unaenda kumwangalia."

Nikakaa chini kwenye nyasi, sketi na yote. Nikaimba do yake. Sauti yangu haikufika chini vizuri, lakini niliimba. Akageuka haraka, akanitazama mdomo. Tukaimba wote, nafikiri mpaka kengele ya saa nane. Sikumpandisha siku ile. Siku ya pili tukapanda hatua moja, re, akafika. Ikamshangaza yeye mwenyewe, akaweka kiganja kooni. Tukarudi do, tukapanda tena. Kwa muda wa makande tu, kila siku, akapata mi, na kabla ya Pasaka akapata so.

Kisha nikafanya jambo ambalo Mwalimu Ngailo hakunifundisha, ila naamini angelikubali. Nikazima kinanda. Nikawaambia darasa, "Leo do inatoka kwa Tulizo. Yeye ndiye anayetoa sauti, sisi tunamfuata."

Minong'ono. Tulizo akasimama, akaitoa, safari hii si kwa nguvu za shambani. Darasa likajaribu. Baadhi ya wavulana wakatabasamu, nafikiri walikuwa wamechoka kubanwa huko juu nilikowaweka.

Lusajo akanyoosha mkono. "Madam, hii do iko shimoni!"

"Ndiyo. Shuka."

"Nikishuka nitapandaje?"

"Kwa re, Lusajo, kama watu wote. Acha maneno, shuka."

Akashuka. Tukaimba wimbo mzima toka hapo, na ulikuwa na joto ambalo sikuwahi kulisikia kwenye stoo ile. Baada ya kipindi nilimsikia Lusajo akimwuliza Tulizo amfundishe kuwaita ndege, na Tulizo akimjibu, "Wewe ndege watakucheka." Nikajua ameanza kuzoea.

Babu yake alifika wiki iliyofuata Pasaka. Alikuwa amekwisha shuka kwenye gari upande wa pili wa barabara tulipoanza kuimba, na alipoingia uani alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Kamwene, mwalimu," alinisalimu.

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nimemsikia mtoto wangu toka kule kwenye malori. Nikasema, huyu anamwita nani?"

"Anaita darasa, baba. Anatoa sauti, wenzake wanamfuata."

Akatikisa kichwa polepole. Nikadhani nimeshinda. Lakini akasema, "Mungu akubariki kwa hilo. Hata hivyo nimekuja kumchukua. Ndege wameshaanza. Shamba likiliwa, mwakani hakuna mbegu, na huyo mama yake mdogo hapati hata debe la kumlishia."

Mwalimu mkuu wetu wa Iyunga alikuwa amesogea. "Mzee, huyu yuko kwenye rejista. Mimi nampigia mtendaji wa kata sasa hivi."

"Mpigie, mwanangu," mzee alijibu bila ukali. "Aje na yeye aamie."

Niliomba niachiwe niongee naye. Nilimweleza tu nilichokiona: kwamba mtoto huyu alikuwa amenyamaza na sasa anasema, na kwamba akikaa nje ya darasa kama kaka yake, sijui kama atasema tena. Nikamwuliza kama kuna mtu mwingine. Hakuna. Mzee akaizungusha kofia mkononi, kisha akasema, "Kaka yake nilimwacha akae, kwa sababu hakuna aliyekuja kuniuliza habari zake. Huyu nitamrudisha mwenyewe, kwa mkono wangu. Mpunga ukishakatwa."

Mwalimu mkuu alikubali kwa shingo upande. Sitaki mtu auchukue uamuzi ule kuwa mfano. Mtoto mahali pake ni darasani, na usiku wa siku ile sikulala kwa amani. Tulizo alinishika pindo la nguo langoni. "Madam, ndege wakiisha nitarudi?" Nikamwambia babu yake amesema atamrudisha.

Nikamweka kwenye sala za asubuhi, kwa jina. Tukafunga mwezi wa sita, tukafungua mwezi wa saba, kiti chake kitupu. Mwalimu mkuu hakunisimanga, ila alisema mara moja, kwa huruma, "Madam, yule umeshampoteza." Mama yake mdogo alipiga simu, simu ya mzee haikupatikana. Nilirudia kutumia kinanda. Hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini, ila niliona Lusajo akiangalia kile kiti kila nilipobonyeza do.

Walikuja katikati ya kipindi. Mlango ulikuwa wazi, tukaona kivuli, kisha mzee, na mkononi mwake Tulizo, mweusi kwa jua, sare imekuwa fupi. "Mashine ya kukoboa iliharibika, foleni ikawa ndefu," mzee alisema, kama mtu aliyechelewa ibada. "Ila nimemleta."

Tulizo akaenda mahali pake, akasimama wima vile vile. Nikageukia kinanda ili watoto wasinione uso, nikanyoosha kidole.

"Madam, ngoja," Lusajo akasema. "Tulizo, toa."

Tulizo akafungua mdomo. Msimu mzima wa ndege ulikuwa kooni mwake. Sauti ilitoka imekwaruzika, imeshuka chini hata ya pale tulipoizoea, na nusu yake ilikuwa pumzi tu. Aliishika, akitutazama.

Hakuna aliyecheka. Nikasikia watoto wakishuka kumtafuta, mmoja mmoja, wengine sauti zikiwaishia njiani na kubaki na hewa tupu, wasikome kushuka. Nje lori likapita na kupiga honi. Darasa halikusimama kulisubiri. Walipofika kwa Tulizo, wakavuta pumzi pamoja, na wimbo tukauanzia hapo.